Wakisema ndege imepigwa: namna ya kufuata hiyo habari bila kudanganywa, na cha kufanya kama mutu wako yuko ndani

Saa mbili ya usiku, umeme umekatika mtaa wa Majengo nzima hapa Goma, telefone iko na batri asilimia 11, na mu grupu ya familia inaingia vokali moja (ujumbe wa sauti), mwanaume anahema sana, anasema "ndege wameipiga, imeanguka, watu wote wameisha, tuma kwa wengine". Hasemi ndege gani. Hasemi fasi gani wala saa ngapi. Mama mukubwa akaanza kulia palepale juu binti yake alisafiri asubuhi, ndani ya robo saa majirani wamejaa pa mlango na viti vya plastiki, wengine wameshaanza kuuliza kilio kitakaliwa wapi. Kumbe binti yuko Entebbe kwa rafiki yake, amelala, telefone imezima. Na ile vokali tulikuja kugundua jamaa moja wa Bukavu alikuwa nayo tangu miaka miwili nyuma, kila vita ikipamba moto inatoka tena, inazunguka, inakesesha watu bure.

Basi naandika hapa namna ninavyofanyaka mimi. Mimi si mtu wa ndege, niko fundi wa telefone hapa Birere, lakini hizi habari za ndege za abiria zenye kupigwa kwenye vita nimezifuata tangu utoto, sababu nitasema chini. Na niseme mapema, siingii siasa ya nani iko na haki kwenye vita ya Kivu, huku mashariki ya Kongo. Nataka tu usilie mutu mwenye yuko mzima, na kama kweli ameenda usije ukaibiwa ukweli wake.

Kabla hujagusa "tuma"

Ndege ya abiria si taksi moto. Kila safari iko na jina lake, herufi za kampuni na namba. MH17 ni Malaysia Airlines safari ya 17, PS752 ni ya Ukraine International, na ndege ikipotea kweli hiyo namba inatoka haraka sana, kabla ata ya idadi ya waliokufa. Kwa hiyo mwenye kukuletea habari muulize: kampuni gani, imetoka wapi inaenda wapi, saa ngapi, na wewe uliona ao ulisikia? Hilo swali la mwisho njo linamaliza mchezo. Mara nyingi anajibu "nimetumiwa tu". Mwenye kumtumia naye ametumiwa. Panda hivyohivyo juu mpaka ufike kwa mwenye kuona kwa macho yake, na usipomfikia, weka telefone chini ukakoroge ugali.

Kuko pia wale wa programu za kufuata ndege, Flightradar24 na zingine. Zinasaidia lakini uelewe zinavyofanya kazi. Ndege inatupa sinyali yenye kusema iko wapi, na chini kuko watu na vyombo vya kuidaka. Ulaya vyombo vimejaa, huku kwetu ni vichache, na milima inakata sinyali, na ndege ndogo ndogo zenye kuenda Walikale ao Shabunda zingine hazionekanaki kabisa. Sasa mutu anaona kindege cha manjano kimefika juu ya pori kikapotea, anapiga kapture (foto ya skrini), anaandika "IMEANGUKA". Haijaanguka ndugu yangu, imetoka tu kwenye masikio ya vyombo. Kupotea mu programu juu ya Kongo si alama ya kitu. Kupotea ghafla juu ya fasi yenye vyombo vingi, hapo sawa, unaweza kuanza kuogopa.

Uliza ilikuwa juu kiasi gani

Hili watu wengi hawaulizaki na njo lenye kutenganisha hadithi na habari.

Makombora ya kubeba begani, yale ya Strela na ndugu zake, kwa kawaida hayavuki kilometa 4 ao 5 kwenda juu, ya zamani ata hayafiki hapo. Ndege kubwa ikishapanda inaenda kwenye kilometa 10 ao 11. Kwa hiyo mupiganaji wa porini na bomba lake begani anaipata ndege wakati inapaa ao inatua, dakika zile chache. Mutu akikuambia ndege ilikuwa juu kabisa, imetulia, abiria wanakula, halafu kijana moja akaidungua kutoka bustani ya mihogo, mwambie arudie hesabu.

Ya juu inatakaka mtambo mkubwa, gari la chuma na rada na watu wenye kufundishwa. MH17 ilikuwa futi 33,000, karibu kilometa 10, tarehe 17 Julai 2014, saa kumi na dakika 20 jioni kwa saa za Ukraine, na kombora lililoipiga lilikuwa la mtambo wa Buk, wenye kufika zaidi ya kilometa 20. Ukraine ilikuwa imefunga anga ya pale chini ya futi 32,000 tu. Yaani ndege ilipita futi elfu moja juu ya mstari, kwa karatasi iko sawa, kwa kombora haina tofauti yoyote. Na haikuwa peke yake, wachunguzi wa Uholanzi walihesabu ndege za abiria 160 zilizopita juu ya mashariki ya Ukraine ile siku moja mpaka anga ikafungwa. Watu 298 wakaisha. Mimi hiyo 160 njo inanisumbuaka kuliko zote, juu kila moja ilikuwa na marubani wenye kuamini yule wa mbele yao amepita salama.

Huku kwetu ongeza kitu kimoja: milima. Urefu unahesabiwa kutoka fasi mpigaji amesimama. Goma yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi, milima inapita 3,000, na mutu mwenye amekaa juu ya mlima ameshakula nusu ya njia. Ndege ndogo za huku hazipandi kama zile kubwa. Kwa hiyo usiseme "haiwezekani" haraka, sema tu ilikuwa aina gani na ilikuwa inapita wapi.

Habari ya kwanza ni ya nani?

Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa mtoto Goma mwaka 1998. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, baba alikuwa na radio ndogo ya batri amefunga antena na waya wa shaba, jioni watu wazima wanaikusanyikia kimya kimya, sisi watoto tunafukuzwa tukapange kuni. Tarehe 10 Oktoba ndege ya Lignes Aériennes Congolaises, Boeing 727, iliruka kutoka Kindu kwenda Kinshasa. Kindu ilikuwa bado ya serikali lakini waasi walikuwa wanaikaribia, watu wanatafuta njia ya kutoka. Kidogo tu baada ya kupaa ikapigwa kombora, ikaanguka mu pori, watu 41 wote wakaisha. Waasi wakasema ilibeba askari. Kampuni ikasema ilibeba raia, wengi wanawake na watoto. Nakumbuka jirani yetu, muzee moja mwenye mke wake alikuwa mutu wa Maniema, mkoa wa Kindu, alisimama pa uwanja akasema "basi wote wawili hawawezi kusema kweli", halafu akaingia nyumbani, na hiyo wiki hatukumsikia tena akiongea habari za vita.

Ile sentensi yake njo guide yangu yote, ukitaka unaweza kuishia hapa.

Juu ukiangalia hizi kesi moja moja, neno la kwanza karibu kila mara linatoka kwa mwenye silaha, na karibu kila mara linampendeza mwenye silaha. Angalia Tehran, 8 Januari 2020. Usiku Iran imerusha makombora kwenye kambi za Wamarekani kule Irak, asubuhi anga ya abiria haijafungwa, PS752 inapaa na watu 176, dakika chache imepigwa makombora mawili. Serikali inasema ni hitilafu ya mashine. Siku tatu nzima ni mashine, mashine, mashine. Tarehe 11 wakakubali ni askari wao wenyewe walidhani ni adui. Ao chukua ya Krismasi, 25 Desemba 2024, Embraer ya Azerbaijan Airlines inatoka Baku inaenda Grozny, inashindwa kutua, inavuka bahari ya Kaspi imelemaa, inakuja kuanguka karibu na Aktau kule Kazakhstan. Watu 67 ndani, 38 walikufa, 29 wakatoka wazima. Shirika la anga la Urusi likasema kwanza ni ndege wa angani. Ndege wa manyoya! Na mkia wa ile Embraer uko kwenye foto umetobolewa kama karai la kuchujia. Oktoba 2025 njo Putin mwenyewe akakubali makombora ya Urusi yalilipuka karibu nayo.

Usifikiri ni tabia ya upande moja wa dunia. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, ilidungua Airbus ya Iran Air safari 655 juu ya Ghuba, watu 290, watoto 66 kati yao. Neno la kwanza: ilikuwa inashuka kuja kutushambulia. Vyombo vya manowari yenyewe vilionyesha baadaye ilikuwa inapanda. Mwaka 1996 Marekani ikakubali kulipa familia dola milioni 61.8 bila kukubali kosa.

Basi unafanyaje na hili? Ukisikia neno la kwanza usilitupe, liandike. Andika nani amesema, saa ngapi, na maneno yenyewe, piga kapture na tarehe ionekane. Juu neno la kwanza linafutwaka. Ile siku ya MH17 kuko ukurasa wa mtandao wenye kuhusishwa na komanda wa wapiganaji wa Donetsk, wale wa upande wa Urusi mashariki ya Ukraine, uliandika wamedungua Antonov ya kijeshi karibu na Torez. Ilipojulikana ni ndege ya abiria, ile posti ikafutwa. Waliopiga kapture njo walibaki na ushahidi.

Na uliza tena: nani ana mtambo wa kufika ule urefu, na nani anashika ile ardhi leo? Si "nani mbaya", wabaya wako wengi. Nani ana uwezo na alikuwa pale.

Foto, mashimo, na nani amefika kwanza

Foto ikija, kwanza itafute kwa kuirudisha kwenye Google, nusu ya zile zenye kuingia ni za ajali za zamani. Goma tumeangukiwa na ndege nyingi bila kombora lolote, 2008 ile ya Hewa Bora ilitoka kwenye barabara ya kurukia ikaingia mu soko la Birere hapahapa ninapofanyia kazi, 2013 ya CAA, 2019 ile Dornier ya Busy Bee, na foto zao zinarudi kila siku na maneno mapya. Nyumba za mbao, moshi mweusi, watoto wamesimama juu ya mawe ya volkano: hiyo ni sisi, ya zamani, haijatoka vitani.

Kama foto ni mpya, angalia chuma. Kombora la mtambo mkubwa mara nyingi haliigusi ndege kama jiwe, linalipuka pembeni na kumwaga vipande. Kwa hiyo unatafuta mashimo madogo mengi, na midomo ya mashimo imekunjwa kuingia ndani, juu vipande vimetoka inje. Bomu lenye kulipuka ndani linasukuma chuma kwenda inje. Kwenye MH17 mashimo yalijaa upande wa kushoto wa chumba cha marubani na wachunguzi wakapata vipande vyenye umbo la kipepeo, vya kichwa cha lile kombora. Angalia pia mabaki yametawanyika vipi. Ya MH17 yalikuwa kwenye eneo la kilometa za mraba 50, maana yake ilikatika ikiwa juu. Ndege yenye kuanguka nzima inaacha shimo moja na moto moja. Lakini usijifanye mpelelezi kwa foto mbili za WhatsApp, mimi mwenyewe nimejidanganya mara mingi, kutu ya zamani na mashimo ya misumari yanafanana na kila kitu.

Halafu kisanduku cheusi, chenye si cheusi, kiko rangi ya machungwa. Swali si "kimepatikana?", swali ni "kiko mkononi mwa nani na kitasomewa wapi?" Mwaka 1983 Wasovieti walidungua Boeing 747 ya Korea, safari 007, watu 269, wakapata visanduku, wakanyamaza. Vilikuja kutoka karibu miaka kumi baadaye, wakati wa Yeltsin. Vya MH17 wapiganaji waliwapa Wamalaysia siku chache baadaye, vikasomewa Uingereza. Vya PS752 vilikaa Iran miezi, vikasomewa Ufaransa Julai 2020. Vya Aktau vilipelekwa Brazil, nchi yenye kutengeneza Embraer. Ukisikia vimepelekwa nchi ya tatu, hiyo ni alama nzuri. Ukisikia "vimeungua" kabla mtu hajavionyesha, weka alama ya kuuliza.

Kalenda ya uchunguzi nayo uijue ili usipige kelele bure. Kwa kanuni za shirika la anga la kimataifa, nchi ambamo ndege imeanguka njo inaongoza uchunguzi, inaweza kumpa mwingine kama Ukraine ilivyowapa Waholanzi, ripoti ya mwanzo inatakiwa ndani ya siku 30 na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Hiyo ripoti inasema kilichotokea, haifungi mutu. Kufunga ni tribunali, na tribunali inachelewa: MH17 ilipigwa 2014, tribunali ya The Hague ikatoa hukumu Novemba 2022, watu watatu kifungo cha maisha bila wao kuwepo, moja akaachiliwa.

Na sheria yenyewe iko, usidanganywe kwamba vitani kila kitu kinaruhusiwa. Baada ya ile ya Korea walikubaliana 1984 kuongeza kifungu kwenye mkataba wa Chicago, ule wa nchi zote juu ya usafiri wa anga, cha kukataza kutumia silaha juu ya ndege ya kiraia ikiwa hewani. Unajua kilianza kutumika lini? Tarehe 1 Oktoba 1998. Siku tisa kabla ya Kindu.

Kama wewe njo uliona

Usikimbilie mabaki. Najua tunavyofanyaka, watu wanaenda na beseni. Kuko mafuta, kuko vipande vyenye bado havijalipuka, na kila chuma unachookota ni neno umelitoa mu ushahidi. Pochi na telefone za marehemu usiguse, kuko mama anazipigia.

Ukirekodi video, ukae ukiona wenye bunduki wako wapi kwanza, maana huku kushika telefone juu mbele ya askari wa upande wowote unaitwa mpelelezi sasa hivi, na hakuna video yenye thamani ya mgongo wako. Kama ni salama, anza na mlima ao kanisa ao antena yenye watu wanaijua, halafu geuza polepole mpaka kwenye moshi, usikate, sema saa na fasi kwa sauti. Usiweke muziki, tafadhali. Sasa hapa niseme kama fundi: ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na ile habari ya ndani ya faili, saa na fasi, inapotea. Faili ya kwanza usiifute, itume kama dokima, weka kopi kwenye kadi ndogo na kadi uitoe kwenye telefone. Nimeshaona telefone inafika kwangu kuflashiwa, mtoto anataka tu nafasi ya michezo, ndani kuko video yenye mutu angelia kuipata.

Kama mutu wako yuko ndani

Hapa polepole.

Kitu cha kwanza ni jina. Sisi Wakongo tuko na majina matatu, pasipoti imeandika moja kwa namna yake, tiketi imekata la tatu, kadi ya uchaguzi iko na herufi tofauti, na tuseme ukweli, kuko wenye kusafiri ndani ya nchi kwa tiketi ya ndugu yao juu yule alighairi. Orodha ya abiria inafuata tiketi. Ile usiku ya vokali shemeji alipiga simu kwa ajansi moja (siitaji) akauliza jina la binti kama tunavyomuita nyumbani, wakamjibu hayupo kwa orodha, tukashangilia, halafu mutu akakumbuka tiketi ilikatwa kwa jina la bwana yake, tukaanza kulia upya. Yote mawili bure! Kwa hiyo kabla ya safari yoyote, mwenye kusafiri atume foto ya tiketi kwa mutu moja wa nyumbani, ile kodi ya herufi na namba sita ionekane, na jina kama lilivyoandikwa. Moja. Si grupu nzima.

Chagueni mutu moja wa kuongea na kampuni na serikali. Si mwenye sauti kubwa, mwenye mwandiko mzuri. Anunue kayé, aandike kila simu: tarehe, saa, jina la aliyejibu, alisema nini.

Usifue nguo zake. Najua mama atataka kufua, kufua ni kupenda. Lakini mswaki, kitana chenye nywele, nguo ya ndani yenye haijafuliwa, viweke kila kimoja kwenye bahasha ya karatasi, si plastiki, plastiki inatoa unyevu. Picha ambapo anacheka meno yanaonekana, karatasi za daktari wa meno, makovu, operesheni, pete. Hivyo njo vinatumika kumtambua, pamoja na damu ya wazazi ao watoto. Kwa MH17 walifanya hivyo miezi na miezi, wakafika kuwatambua 296 kati ya 298. Wawili hawakutambuliwa. Nasema hivyo ili ujue kwamba kungoja kupo, na kwamba mutu akikuletea sanduku limefungwa siku ya tatu uko na haki ya kuuliza amejuaje ni yeye.

Karatasi. Atakuja bwana na suti, bahasha, dola, atasema hii ni ya mazishi, weka sahihi hapa chini. Pesa ya haraka ya kusaidia familia ni kitu halali, mkataba wa Montreal wa 1999, wa fidia za abiria wa ndege, unaitambua kwa safari za kimataifa na kuipokea si kukubali umemaliza. Lakini soma kama hiyo karatasi inasema "sitadai tena". Kama inasema, usiweke sahihi, ata kama watoto wanalia, mpaka avoka (wakili) asome, na avoka asiwe yule aliyekuja na bwana wa suti mu gari moja. Kwa huo mkataba, kampuni inawajibika mpaka kiasi fulani kwa kila abiria bila wewe kuonyesha kosa lao. Tangu mwisho wa 2024 hicho kiasi ni 151,880 za ile pesa ya hesabu ya shirika la fedha la kimataifa, unapata karibu dola laki mbili. Si kwamba unapewa yote bila kuuliza, unaonyesha hasara yako. Na kuko saa inakwenda: miaka miwili, kuhesabu kutoka siku ndege ilipaswa kufika. Ikipita, dai lako kwa kampuni limekufa. Safari za ndani ya nchi ziko na sheria yake ya nchi, hapo avoka tu. Na kumdai mwenye kupiga kombora ni dosye ingine kabisa, ya serikali na tribunali za mbali, usichanganye mbili.

Kuhusu kilio: kaeni. Wachungaji wengine wanasema kulia bila mwili ni kukosa imani, mimi siwaelewi. Lakini mutu akitokea pa mlango na habari "ameonekana hospitali", muulize jina, hospitali gani, na usimpe pesa ya usafiri. Matapeli wa huruma wanafika kabla ya wachungaji.

Kabla ya kusafiri sa hizi

Kifupi tu, juu wengi wetu hatuna chaguo. Tangu mwisho wa Januari 2025 kiwanja cha Goma kilifungwa kwa ndege za abiria, Kavumu, kiwanja cha Bukavu, nayo ikafuata Februari, watu wakawa wanapita ku Kigali ao Entebbe, ao wanashuka na bato (boti) mpaka Bukavu kisha Kamembe, upande wa Rwanda. Uliza kampuni njia inayopita, na kama kuko mapigano mapya karibu na fasi ya kutua, ahirisha kama mfuko unaruhusu. Usiku ule ule wa makombora njo mbaya kuliko wiki nzima, Tehran ilionyesha. Na ndege ndogo ikikubali kubeba abiria pamoja na askari na masanduku yao, shuka, ata kama umelipa, juu hapo wenye kutaka kuipiga wameongezeka.

Binti wa mama mukubwa amesafiri tena juzi. Pa Gisenyi kabla ya kupanda basi alituma foto ya tiketi, akapiga simu, akasema "mama, nazima telefone mpaka saa kumi na moja, si mpaka nitakapofika, saa kumi na moja". Mama mukubwa akaandika 11 kwa makaa pa ukuta wa jikoni. Saa kumi na moja na dakika nane aliniita dukani mara nne.